Setilaiti Ndogo na Kisima cha Kwetu

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Likizo iliyopita pampu ya kisima cha kijijini kwetu iliharibika. Fundi hukaa mjini, mbali sana, na kwetu simu haishiki mpaka mtu apande kilimani. Kila mmoja alidhani mwenziwe amekwisha piga. Basi kwa siku tisa mama zetu walifukua maji katika mchanga wa mto. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Fizikia kama pampu yenyewe haiwezi kumwambia fundi. Akasema yaweza, akanituma nikasome.

Vitu vipelekavyo habari zao vyenyewe huitwa Intaneti ya Vitu. Pampu hufungwa kifaa kidogo chenye betri na antena, nacho hutuma maneno machache tu: nimesimama, au maji yamepungua. Penye mnara wa simu kazi hii ni nyepesi. Pasipo mnara, hapana budi kutazama juu.

Setilaiti nyingi za televisheni hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya Ikweta. Setilaiti ndogo hupita kilomita 500 hivi tu. Wenzangu wa Fizikia watakumbuka ya kuwa nguvu ya ishara hupungua kwa mraba wa umbali. Gawanya 36,000 kwa 500, utapata 72. Zidisha 72 kwa 72, utapata zaidi ya 5,000. Yaani, mengine yote yakiwa sawa, ishara ya pampu huifikia setilaiti ya chini ikiwa na nguvu mara 5,000 na zaidi. Ndiyo maana betri ndogo yatosha. Nilipoiona hesabu hii niliirudia mara mbili, kwa maana sikuamini.

Walakini setilaiti ya chini haitulii. Huzunguka dunia kwa dakika 95 hivi, na juu ya kijiji haikai zaidi ya dakika kumi na kitu. Kwa hiyo nyingi hufanya kazi kama tarishi wa baiskeli: huchukua ujumbe, huuhifadhi, na zikipita juu ya kituo cha mapokezi huuteremsha. Zikiwa chache, habari yaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Kwa maongezi ya simu hiyo ni hasara, lakini saa kadhaa si siku tisa.

Mwaka 1999 maprofesa wawili wa Marekani, Bob Twiggs na Jordi Puig-Suari, walibuni kipimo cha mchemraba wa sentimeta 10 kila upande, ili wanafunzi wa vyuo waweze kuunda setilaiti. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata yake, 1KUNS-PF, kwa kushirikiana na Waitalia na Wajapani. Iliachiliwa angani Mei 2018.

Udogo nao una hatari yake. Kampuni ya Swarm ya Marekani iliunda setilaiti za Intaneti ya Vitu zenye unene usiofika sentimeta 3. Wakuu wa mawasiliano wa huko walikataa kutoa ruhusa, wakihofu kuwa rada hazitaziona vema na zingeweza kugonga vyombo vingine. Januari 2018 nne zikarushwa kutoka India hivyo hivyo, na mwaka huo huo kampuni ikakubali kulipa dola 900,000. Mimi naona wakuu walikuwa na haki, ingawa Swarm ndiyo iliyofikiria watu wa mbali kama sisi.

Pampu yetu imekwisha tengenezwa. Baba ameniarifu kwamba sasa iko zamu ya kupanda kilimani na simu kila Jumatatu, na ya kwanza ameipata mdogo wangu.