Je, utumbo wako unavuja?

HUENDA umeambiwa kwamba tumbo lako hujaa gesi na mwili wako huchoka kwa sababu utumbo unavuja, na kwamba unahitaji kipimo cha bei ghali. Kabla ya kutoa pesa zako, elewa kipimo hicho hufanya nini.

Utumbo mwembamba umefunikwa kwa ndani na safu moja tu ya seli. Safu hii ni kama bawabu: hupitisha chakula kilichosagika na kuzuia viini visiingie katika damu. Seli zake huchakaa na kubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha sukari mbili. Mtu hulala bila kula, na asubuhi hunywa maji yenye manitoli, ambayo chembe zake ni ndogo, na laktulosi, ambayo chembe zake ni kubwa. Kiasi kinachopenya hadi katika damu hutolewa na figo, kwa hivyo mkojo wa saa 5 au 6 hukusanywa na kupimwa. Kwa kawaida manitoli hupatikana kwa wingi, na laktulosi kidogo mno. Laktulosi ikizidi, bawabu amelegea. Manitoli ikipungua, huenda sehemu ya kufyonza chakula imeharibika.

Kipimo hiki kimewafaa sana watafiti. Mwaka 1991, jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi kutoka Gambia ulioonyesha kwamba watoto wachanga ambao utumbo wao ulivuja zaidi ndio waliochelewa kukua.

Lakini kwako wewe, matokeo hayawezi kutaja ugonjwa. Ibuprofeni au aspirini uliyomeza, pombe, au kuhara kwa juzi huweza kuyabadilisha. Wala hakuna dawa iliyothibitishwa kwamba huziba utumbo na kuondoa dalili hizo.

Ukihara kwa zaidi ya wiki 2, ukikonda bila sababu au ukiona damu kwenye choo, mwone daktari. Ataanza na vipimo vya kawaida vya choo na damu. Mtoto asiyeongeza uzani apelekwe kliniki pamoja na kijitabu chake.

Nyumbani, chemsha maji ya kunywa, nawa mikono kwa sabuni, na usimeze tembe za maumivu ovyo. Hata hivyo, usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kuzungumza na daktari wako.