Watoto Wajifunze Kupima Njia, Si Kukisia Jibu



Mtoto akiulizwa, "Mahindi tuyaweke namna gani yasiliwe na fukusi?" mara nyingi hutazama kwanza uso wa mzazi, akitafuta jibu ambalo mzee analitaka. Akilipata, mazungumzo yamekwisha. Hajui kwa nini njia hiyo ni bora kuliko nyingine, na siku mambo yakibadilika hatajua la kufanya.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019, unataka watoto wafunzwe uwazaji kina na utatuzi wa matatizo. Maneno ni makubwa, lakini somo lenyewe laweza kufanyika nyumbani wakati wa likizo. Hebu tulifanye na hilo tatizo la fukusi.

1. Tajeni njia zaidi ya moja. Kila mtoto aseme, asichekwe. Tuseme wametaja tatu. Gunia la kawaida na dawa ya unga: gunia ni rahisi, lakini dawa hununuliwa kila msimu, na ikitumiwa ovyo ni sumu. (Watoto wasiiguse!) Mfuko usiopitisha hewa: wadudu wanamaliza hewa iliyomo, wanakufa bila dawa, lakini panya akiutoboa, hewa inaingia tena. Tangi la bati: bei yake ni kubwa mwanzoni, lakini hudumu miaka mingi na panya hawaliwezi.

2. Ulizeni maswali yaleyale kwa kila njia. Chora jedwali chini kwenye mchanga. Bei ni gani? Kazi ni kiasi gani? Hatari ni ipi? Itadumu? Kwa kila swali mtoto aweke maharagwe, moja mpaka matano. Mengi maana yake ni nzuri zaidi. Muhimu ni hili: asiweke hata moja bila kusema "kwa sababu..."

3. Jaribuni. Jazeni mahindi yenye fukusi wachache katika chupa mbili. Moja ifungwe kabisa, nyingine ifunikwe kwa kitambaa. Baada ya wiki 6 hesabuni punje 100 kutoka kila chupa: ngapi zimetobolewa? Mahindi yatoke debe moja, la sivyo hamtajua tofauti imeletwa na nini.

4. Angalieni ukavu. Mfuko na tangi havifai kwa mahindi mabichi, kwani yataota ukungu. Mwaka 2004 sumu ya ukungu katika mahindi iliua watu 125, wengi wao Ukambani. Basi mtoto achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi na chumvi kavu kidogo, afunge, atikise, kisha angoje dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani.

Sasa, je, watoto wote watafikia jibu moja? La. Bungoma watu wengi huvuna kama Agosti, mvua ikiwa bado inanyesha. Kitale ni juu zaidi na kuna baridi, mahindi hukaa sana shambani, na mavuno huanza Oktoba hivi hadi Desemba. Mtoto wa Bungoma anaweza kusema pesa zianze kununua turubai la kuanikia. Yule wa Kitale, ambaye kwao wanaweka magunia mengi wakingoja bei ipande, anaweza kuchagua tangi. Wote wawili wako sawa, mradi wametoa sababu. Mkiwaambia mmoja amekosea, mnawarudisha kwenye kukisia.

Mzazi naye aweke maharagwe yake mwisho, si mwanzo. Akianza yeye, watoto watamfuata tu.

Ya kujadili katika kikundi:
- Ni uamuzi gani wa nyumbani ambao watoto wetu hawajawahi kuulizwa?
- Mtoto akitoa sababu nzuri kuliko yetu, tuko tayari kubadili njia?
- Nani ataleta chupa na chumvi mkutano ujao?