Kompyuta za Chama Zinavyopelekeana Hesabu



Katika ukaguzi wa msimu mmoja nilimkuta mkulima aliyelipwa kahawa yake pamoja na ya jirani yake, na jirani huyo hakupata hata senti. Kamati ilikuwa imekwisha andika barua ya kumsimamisha kazi karani wa mizani. Nilipochunguza niliona kwamba karani hana hatia. Uzito ulipimwa sawasawa, na bei ilikokotolewa sawasawa. Kosa lilitokea njiani, baina ya programu ya mizani na programu ya malipo. Ya kwanza ilipeleka majina matupu, nayo ya pili ilipokuta majina mawili yanayofanana ikayahesabu kuwa ya mtu mmoja.

Huenda mwanachama akauliza kwa nini chama kisiwe na programu moja tu. Jibu ni kwamba programu hununuliwa kwa nyakati mbalimbali na kwa kazi mbalimbali: daftari la wanachama, mizani, mikopo ya pembejeo, malipo. Tena benki na makampuni ya simu yana programu zao, ambazo sisi hatuna amri juu yake. Hivyo hapana budi zizungumze.

Njia duni kuliko zote ni karani kusoma tarakimu kwenye kompyuta moja na kuziandika upya kwenye nyingine. Ya pili ni kukusanya hesabu za siku nzima katika jalada moja na kulipeleka usiku. Yafaa kwa malipo ya msimu, lakini haimfai mkulima anayetaka kujua deni lake papo hapo dirishani. Kwa huyo programu moja sharti iweze kuiuliza nyingine na kujibiwa mara moja.

Kila programu ikiunganishwa na kila nyingine, programu 4 zahitaji njia 6, na programu 8 zahitaji njia 28. Ndiyo maana mashirika makubwa huweka programu ya kati, inayofanya kazi kama masjala: barua zote huingia hapo, nayo huzigawa kwa wahusika. Lakini masjala ikifungwa, ofisi nzima husimama. Kwa chama chenye programu 2 au 3 mimi naona gharama hiyo ni ya bure.

Kuunganisha waya ni kazi nyepesi. Kuafikiana juu ya maana ndiko kugumu. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi, kwa kuwa programu moja ilitoa hesabu za injini kwa kipimo cha ratili, na iliyozipokea ikazisoma kwa kipimo cha nyutoni. Tarakimu zilifika salama! Kwetu sisi yatosha programu moja iandike uzito pamoja na gunia na nyingine idhani gunia limekwisha tolewa.

Jambo jingine ni mtandao kukatika. Programu ya mizani imepeleka hesabu, haikupata jibu, basi inapeleka tena. Je, mkulima alipwe mara mbili? Dawa yake Makatibu mnaijua tangu siku za vitabu vya stakabadhi: kila ujumbe uwe na namba yake ya mfululizo. Mpokeaji akiiona namba aliyokwisha kuipokea, ajibu kwamba anayo, wala asilipe tena.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi mkataba na mwuza programu, mtakeni aonyeshe mbele ya kamati kinachotokea ujumbe mmoja ukipelekwa mara mbili. Namba ya uanachama, si jina, ndiyo isafiri. Na kila jioni jumla ya kilo za mizani ilinganishwe na jumla ya kilo zilizopokelewa upande wa malipo. Kazi hiyo haizidi dakika chache, na chama nilichokitaja hakikuifanya msimu mzima.

Karani yule alirudi kwenye mizani yake. Fedha za jirani zilikatwa katika malipo ya pili ya mkulima wa kwanza, ambaye alikubali, ingawa kwa manung'uniko.