Merikebu Tatu za Oslo

Katika rasi ya Bygdøy, mjini Oslo, nchini Norwei, lipo jumba la makumbusho ambalo milango yake imefungwa tangu mwaka 2022, wala halikufungwa kwa kukosa wageni, bali kwa ajili ya merikebu tatu za Wavikingi ambazo mbao zake, baada ya kulala ardhini miaka elfu moja, zimedhoofika hata mtikisiko mdogo ni hatari kwazo. Jumba hilo linapanuliwa, na limekusudiwa kufunguliwa upya mwaka 2027.

Iliyo mashuhuri kuliko zote ni merikebu ya Oseberg, iliyochimbuliwa mwaka 1904 karibu na mji wa Tønsberg. Ndani yake, mwaka 834, walizikwa wanawake wawili pamoja na farasi, gari la magurudumu, na vipande vya hariri iliyotoka nchi za mashariki. Na udongo mzito wa samawati ukavifunika vyote, hewa isipenye, ukaviweka kama amana. Desturi ya kuwaaga wafu ndani ya merikebu aliishuhudia pia Ahmad ibn Fadlan, mjumbe wa Khalifa wa Baghdad, mwaka 922 kando ya mto Volga, maiti ya mkuu wa Warusi wa zama zile ilipochomwa moto ndani ya merikebu yake.

Mtu wa pwani akiitazama merikebu ya Oseberg hatajiona mgeni. Urefu wake ni mita 21 na nusu, makasia yake 30, na omo yake imepanda juu ikajiviringa kama nyoka, ikiwa na nakshi ya wanyama waliosokotana. Mbao za mwaloni zimepandana na kupigiliwa misumari ya chuma, lakini mataruma ya chini yamefungwa kwa kamba, ili chombo kinyumbuke na mawimbi kisivunjike. Mafundi wa mtepe, chombo chetu cha kale, walioshona mbao kwa kamba za usumba, hawakupata kuonana na mafundi hao, ila bahari iliwafunza wote somo moja.

Lililo zito zaidi ni habari ya uhifadhi. Wataalamu wa mwanzo walichemsha vitu vingi vya mti vya kaburi lile katika maji ya shabu, kwa nia njema na kwa elimu ya wakati wao. Leo shabu ile imezaa tindikali inayoila miti kutoka ndani. Merikebu yenyewe nayo, kwa udhaifu wa mbao zake, ilipohamishiwa ukumbi mpya Septemba 2025, ilifungiwa ndani ya kiunzi cha chuma, ikaning'inizwa, ikasogezwa mita 106 kwa uangalifu wa watu waliobeba mgonjwa mahututi.

Basi, msomaji uliyerithi mlango wa nakshi au sanduku la mababu, usilipake dawa yoyote kabla hujawauliza wenye elimu. Kwani dawa ya haraka ya leo huenda ikawa maradhi ya wajukuu zako.