Swali la Kutuma Mara Moja

Katika makundi ya WhatsApp ya waandishi wa programu hapa Kenya kuna swali linalorudi tena na tena. Mtu anapiga picha skrini ya kompyuta kwa simu, picha imepinda na nusu yake imemezwa na mwanga wa dirisha, kisha anaandika: "Wadau, M-Pesa imekataa. Nisaidieni." Wenye moyo wa kusaidia wanaanza kumhoji. Unatumia lugha gani? Ujumbe unasemaje? Bado uko kwenye majaribio au wateja wameshaanza kulipa? Naye anajibu moja moja, na kila jibu linazaa swali jingine.

Kwa aliye Nairobi mwenye waifai ya ofisi, hayo ni usumbufu tu. Kwa kijana wa Nuu, mashariki ya mji wa Mwingi, anayefanya kazi kwa bando la saa moja, mahojiano hayo ndiyo yanayokula bando lenyewe. Saa inakwisha ndiyo kwanza ametaja toleo la PHP analotumia. Wengi huhubiri utafiti wa kabla ya kuuliza kama adabu kwa wanaojitolea kujibu, na ni kweli adabu imo. Lakini mimi naona faida yake kubwa iko kwa muulizaji: humwezesha aliye mbali kutuma swali mara moja na kujibiwa mara moja.

Tuseme kijana huyo anaandikia duka la agroveti programu ya malipo. Mteja akishachukua mbegu zake za ndengu, simu yake inamwomba PIN ya M-Pesa, anaingiza, biashara imekwisha. Mlango wa kazi hiyo ni Daraja, mfumo ambao Safaricom iliufungua mwaka 2017 ili programu za watu wengine ziweze kuzungumza na M-Pesa. Unajisajili, unapewa funguo, halafu unafanya majaribio kwa namba ya biashara 174379, ambayo kila aliyepitia Daraja anaijua kwa kichwa.

Ombi lake la kwanza linakataliwa. Jibu linarudi na namba 400.002.02 na maneno "Bad Request - Invalid PhoneNumber". Hapa ndipo mikono inapokimbilia simu kuuliza kundini, ilhali jibu liko mbele ya macho: kasoro ni namba ya simu. Mteja ameiandika kwa kuanzia 07 kama tunavyoandika sote. Daraja inataka ianze na 2547, bila alama ya kujumlisha. Akisharekebisha hilo, analalamikiwa kuhusu anwani ya kupokelea majibu. Ameweka localhost, yaani kompyuta yake mwenyewe iliyo mezani. Seva ya Safaricom haina njia ya kuifikia kompyuta hiyo. Inahitaji anwani iliyo wazi kwenye intaneti.

Hata ombi likikubaliwa, matokeo huja na namba zake, na inafaa kuziandika karatasini na kuzibandika ukutani: 0 malipo yamefanikiwa, 1 salio halitoshi, 1032 mteja amefuta ombi, 1037 simu haikupatikana, 2001 PIN imekosewa. Mtu anaweza kushinda siku nzima akivuruga msimbo uliokuwa mzima, kumbe 1032 ilikuwa inamwambia kwamba mteja amebadili nia.

Ugumu wa kweli huanza pale mashine inapolalamika kwa jumla jumla. Kwa mfano, Daraja inataka nywila inayotengenezwa kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo wa siri na wakati, kuanzia mwaka hadi sekunde, kisha vyote vitatu vinageuzwa kwa mfumo wa Base64. Wakati uliotumika katika nywila unatumwa pia peke yake, ndani ya ombi lile lile. Sasa tuseme mwandishi wa programu ameisoma saa ya kompyuta mara mbili: mara ya kwanza akitengeneza nywila, mara ya pili akijaza sehemu ya wakati. Mara nyingi usomaji wote unaangukia sekunde moja na kila kitu kinalingana. Mara mojamoja sekunde inageuka katikati, na ombi linalotoka lina nywila ya sekunde moja na wakati wa sekunde nyingine. Programu inafanya kazi asubuhi, inakataa mchana, jioni inakubali tena. Mtu akiniambia "wakati mwingine inafanya, wakati mwingine haifanyi", nauliza kwanza habari za saa.

Kosa la namna hiyo halionekani kwenye picha ya skrini. Linaonekana ukipunguza. Fungua faili jipya, acha nje duka zima, hifadhidata, ukurasa wa kuingilia na rangi zake. Bakiza ombi moja, namba moja ya simu, shilingi 1. Chapisha kwenye skrini wakati uliotumia katika nywila na wakati uliotuma, uviweke sambamba, urudie ombi hilo mara nyingi. Kazi hii haihitaji ujuzi mkubwa, inahitaji subira, na maswali mengi hufia hapo kabla hayajatumwa. Lisipokufa, angalau sasa una mistari kumi ambayo mgeni anaweza kuisoma, badala ya mia sita.

Bando likiwa haba, kusoma kufanyike nje ya mtandao. Hili halisemwi vya kutosha. Nyaraka rasmi za Python zinapakuliwa zote kwa pamoja, na faili lake ni dogo kuliko filamu moja. Za PHP vilevile. Programu ya bure iitwayo Zeal huhifadhi nyaraka za lugha na maktaba nyingi ndani ya kompyuta na kuzitafuta bila intaneti. Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007 ili watu waweze kusoma Wikipedia bila mtandao, siku hizi inabeba pia maswali na majibu ya Stack Overflow. Hilo ni faili la makumi ya gigabaiti, lakini mmoja akilipakua palipo na mtandao wa bei nafuu, tuseme chuoni, linaweza kusafiri kwenye diski hadi Nuu na kunakiliwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Ukiingia mtandaoni kutafuta, nakili maneno ya hitilafu yenyewe, uondoe yale yaliyo yako tu, kama jina la folda au la mteja, na uongeze lugha na toleo lake. Tazama tarehe ya jibu kabla ya kuliamini.

Siku hizi wengi huanza kwa kuuliza akili mnemba, na sioni ubaya. Ila mashine hizo zinaweza kukutajia kigezo (parameter) ambacho hakijawahi kuwepo, kwa sauti ya uhakika kabisa. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na kufikia Desemba ya mwaka huo huo Stack Overflow ilikuwa imepiga marufuku majibu yaliyoandikwa nayo, kwa sababu mengi yalionekana sahihi na hayakuwa. Kila jina la kigezo unalopewa, litafute kwenye nyaraka rasmi. Usipolikuta humo, liache.

Ukishafanya hayo na bado umekwama, uliza, na usione haya hata kidogo. Andika ulichokusudia, kilichotokea, ujumbe wa hitilafu kama maandishi yanayoweza kunakiliwa, matoleo, ile mistari kumi, na ulichokwisha kujaribu. Atakayejibu usiku nawe umelala atakuwa na kila anachohitaji.

Kabla ya kutuma, pitia mistari hiyo tena ukitafuta siri. Nasisitiza hili kwa sababu madhara yake ni ya pesa. Funguo za Daraja za duka halisi hazipaswi kuonekana kundini, wala namba za simu za wateja, ambazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Ufunguo uliokwisha kuonekana hausalimiki kwa kufuta ujumbe. Omba mpya siku hiyo hiyo na wa zamani uzimwe.

Na jibu likipatikana, lisiachwe ndani ya WhatsApp. Injini za kutafutia haziingii humo, kwa hiyo anayekwama mwezi ujao hawezi kulifikia. Stack Overflow ina kurasa za Kiingereza, Kihispania, Kireno, Kirusi na Kijapani. Za Kiswahili haina. Aya tatu kwenye ukurasa ulio wazi kwa wote, zikiwa na namba ya hitilafu kama ilivyotokea, chanzo chake na mstari uliorekebisha, zinatosha kumfikia mtu wa Nuu, wa Tanga au wa Goma aliyeandika namba hiyo hiyo kwenye kisanduku cha kutafutia.