Watoto wa Sinema, Sehemu ya Tatu: Jasho la Freddie Bartholomew

Mwaka 2025 kampuni ya HBO ilipotangaza majina ya watoto watatu wa Uingereza watakaoigiza katika tamthilia mpya ya Harry Potter, picha zao zilienea dunia nzima, pamoja na habari za makumi ya maelfu ya wenzao waliojaribu bahati wakakosa. Ni furaha ya halali. Lakini anayeijua historia ya watoto wa sinema hawezi kuzitazama picha hizo bila kumkumbuka mtoto mwingine wa Kiingereza aliyechaguliwa kwa shangwe kama hizo miaka zaidi ya 90 iliyopita: Freddie Bartholomew.

Freddie alizaliwa London mwaka 1924. Angali mdogo sana, wazazi wake walimpeleka kwa babu na bibi yake Warminster, mji mdogo wa Wiltshire, na huko akalelewa na shangazi yake Millicent, ambaye nyumbani walimwita Cissie. Chini ya ulezi huo mtoto alianza kughani mashairi mbele ya watu kabla hata ya umri wa kuanza shule.

Wakati huo mtayarishaji David Selznick wa kampuni ya filamu ya MGM, Marekani, alikuwa akitafuta mtoto wa kuigiza David Copperfield katika filamu ya riwaya ya Dickens. Mkuu wa kampuni, Louis B. Mayer, alimtaka Jackie Cooper, nyota wa Kimarekani. Selznick na mwongozaji George Cukor walishikilia kwamba mtoto wa Dickens lazima awe Mwingereza. Mwaka 1934 Cissie alivuka Atlantiki na mpwa wake, na Freddie akapata mkataba wa miaka saba.

Filamu ilitoka mwaka 1935, na hadi leo inafaa kutazamwa. David anachapwa na baba wa kambo, Murdstone, anapelekwa kazini angali mtoto, kisha anatoroka na kutembea kwa miguu hadi Dover kumtafuta shangazi wa marehemu baba yake, Betsey Trotwood. Murdstone anamfuata kumdai. Bibi Betsey anamwuliza mtoto mwenyewe anataka nini, kisha anamfukuza yule bwana mlangoni. Mwaka uliofuata mambo yakawa hayo hayo nje ya pazia. Wazazi waliokuwa wamemwacha Freddie mikononi mwa shangazi walijitokeza Marekani kumdai, sasa akiwa mtoto mwenye mshahara mnono. Tofauti ni kwamba Betsey wa Dickens alimaliza shauri lake sebuleni kwa dakika chache. Cissie alikwenda mahakamani.

Kesi zilizaa kesi. Shangazi aliachiwa ulezi, lakini wazazi pamoja na dada wawili wa Freddie walitengewa fungu katika mapato yake, na madai yakaendelea kufunguliwa kwa miaka kadhaa. Kila shauri lilikuwa na mawakili wake, na kila wakili alilipwa kutoka kwenye kapu lile lile. Fedha zilipopungua Cissie akadai nyongeza kutoka MGM, na huo nao ukawa mgogoro mwingine. Mtoto alikuwa akifanya kazi ili watu wazima waendelee kugombea matunda ya kazi yake. Hilo ni dhuluma, hata kama kila karatasi ilipigwa muhuri wa mahakama.

Katikati ya vurugu hizo alifanya kazi yake bora kuliko zote. Katika Captains Courageous ya mwaka 1937 ni Harvey, mtoto wa tajiri aliyedekezwa, anayeanguka baharini kutoka melini na kuokolewa na mvuvi Mreno, Manuel. Mlingoti unapovunjika na Manuel kunaswa katika kamba, mvuvi anamweleza mpishi kwa Kireno jinsi alivyoumia, ili mtoto asielewe kwamba anakufa. Spencer Tracy alipata Oscar kwa nafasi ya Manuel. Bila uso wa Freddie katika onyesho lile, uso wa mtoto anayeng'ang'ania tumaini, kifo cha Manuel kisingeuma kiasi kile.

Sheria ya Coogan ya kulinda mapato ya watoto waigizaji, iliyoelezwa katika sehemu ya kwanza, ilipitishwa California mwaka 1939, Freddie akiwa na miaka 15. Kwake ilichelewa, na hata hivyo ilikuwa na matundu mengi. Ni marekebisho yaliyoanza mwaka 2000 yaliyotamka wazi kwamba pato la mtoto ni mali ya mtoto, na kwamba asilimia 15 iwekwe akiba mpaka awe mtu mzima.

Freddie alihudumu katika jeshi la anga la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaumia mgongo. Baadaye aliiacha kamera akahamia nyuma yake: aliongoza vipindi vya televisheni New York, akaajiriwa na kampuni ya matangazo ya Benton & Bowles, na akawa mtayarishaji wa tamthilia ya As the World Turns. Alifariki Florida mwaka 1992. Watu huiita habari yake anguko la nyota. Mtu aliyejipatia ufundi mpya na kula jasho lake mwenyewe kwa miongo mitatu hastahili neno hilo.

Tukirudi kwa watoto wa leo, sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 na kanuni zake zinataka leseni ya halmashauri, saa maalumu za kazi, mapumziko, masomo na mwangalizi. Kuhusu fedha, halmashauri inaweza kuweka sharti la jinsi ya kuzitunza. Inaweza tu, hailazimiki. Neno hilo lingepaswa kubadilishwa zamani, kwa kuwa mzazi mwema hatapoteza chochote kwa sharti la akiba.

Wiki ijayo ni zamu ya Hayley Mills, ambaye fedha zake zilihifadhiwa kweli katika mfuko wa amana, kisha mamlaka ya kodi ya Uingereza ikabisha hodi.