Umefiwa na unaambiwa "usilie, ni mapenzi ya Mungu"? Soma hii kwanza

Unajua vile huenda. Mtu anakufa, grupu ya WhatsApp inafunguliwa usiku huo huo, mweka hazina anachaguliwa, bajeti ya mochari na basi la kwenda ocha inatumwa, na kila jioni kuna maombi kwenu. Wiki mbili hivi hupati hata nafasi ya kufikiria. Halafu mnazika, unarudi Nairobi, watu wanaanza kutoka kwa grupu mmoja mmoja. Hapo ndio maumivu hukupata vizuri.

Na hapo ndio wengi wetu tuliolelewa kanisani hukwama. Kila anti na kila pasta amekuambia Mungu hakosei, jikaze, ukilia sana ni kama huna imani. Sasa unalilia bafuni ukiwa umefungulia maji ndio rumeti asisikie, na juu ya hayo yote unajiona Mkristo feki.

Manze, hiyo "usilie" wameitoa wapi?

Cheki Yohana 11. Lazaro ni mgonjwa, dada zake wametuma ujumbe, na Yesu anakaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Akifika, jamaa ako kaburini siku ya nne. Martha anatoka kumpata njiani na kumwambia wazi kwamba angekuwepo, ndugu yake hangekufa. Mariamu anakuja na maneno yale yale. Ukiniuliza, hiyo ni lawama. Yesu hawagombezi. Analia. Na kumbuka alikuwa ashawaambia wanafunzi wake anaenda kumwamsha Lazaro. Alijua stori itaisha aje, na bado machozi yakamtoka.

Zaburi nazo zimejaa malalamiko: Mungu uko wapi, hii itaisha lini. Nyingi hugeuka mwishoni zikawa sifa. Zaburi ya 88 haigeuki. Inaanza na kilio, inaisha gizani, na imeachwa kwa Biblia hivyo hivyo. Usiku ule huwezi kuomba, isome kwa sauti. Hayo tayari ni maombi.

Kwangu mimi faraja inaanzia hapo, kwamba si lazima uigize mbele ya Mungu. Unaweza kumkasirikia na bado unaongea naye. Hata Paulo, akiwaandikia Wathesalonike waliofiwa, hakuwakataza kuhuzunika. Aliwakumbusha ufufuo, ndio huzuni yao ikae pamoja na tumaini. Kiti cha mathe mezani bado kitakuwa kitupu Jumapili. Lakini Mkristo anakiangalia akiamini wataonana tena, na kuna siku imani hiyo ndiyo humtoa kitandani.

Kama wewe ndiye beshte ya aliyefiwa, soma Ayubu. Marafiki zake watatu walipoona hali yake walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walifanya poa sana. Shida ilianza walipofungua mdomo kumweleza kwa nini Mungu ameruhusu hayo yote. Mwisho wa kitabu, Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika muda wote. Kwa hivyo ukienda kwa mtu wa matanga, beba unga na sukari, osha vyombo, nyamaza. (Wanasiasa na maiki kwa mazishi? Hiyo tutaongea siku nyingine.)

Kitu kingine, usipotee kanisani. Kama nyimbo za sifa zinakuchoma, kaa nyuma na uache wengine waimbe. Kama ni Mkatoliki, ambia jumuiya yenu ndogo ndogo tarehe ya kifo ndio misa ya kumbukumbu ipangwe mapema, maana mwezi huo ukifika utakuwa mzito na hutataka kupanga kitu. Makanisa mengine yana vikundi vya nyumbani. Tafuta mtu mmoja huko ambaye pia amezika, mwambie akupigie simu mwezi wa tatu, wakati kila mtu mwingine amesahau.

Na kama mawazo yamefika pale pa kutaka kujitoa uhai, usingoje Jumapili. Piga 1199, laini ya bure ya Kenya Red Cross, uongee na mshauri. Pasta utamwona pia, na wote wawili wanaweza kukusaidia wiki moja.